TAHADHARI: Muuzaji wa modeli za magari anayefunga upya masanduku yaliyotolewa vipande

Ndugu zangu mnaounganisha na kukusanya modeli za magari za plastiki, naomba msome tahadhari hii hadi mwisho kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji yeyote anayejitambulisha kuwa yuko Dar es Salaam na kwamba hupokea mzigo wake moja kwa moja kutoka Shizuoka, Japani. Kwa miezi kadhaa sasa mtu huyo amekuwa akiuza seti za kipimo cha 1/24 (yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari halisi) za Datsun 240Z na Toyota Celica zenye mapambo ya Safari Rally, akidai kuwa ni mpya na hazijaguswa tangu zitoke kiwandani, ilhali zimefunguliwa, zimetolewa vipande vyenye thamani, na sanduku limefungwa tena kwa nailoni ili lionekane jipya. Moja ya seti hizo niliinunua mimi, na wenzetu wa Arusha na Mombasa wamenitumia picha za walichopokea. Dosari zinafanana mno kiasi kwamba haiwezekani kuziita bahati mbaya.

Sitaji jina lake hapa, na sababu ni mbili. Kwanza, jina analotumia si lake, kwa kuwa jina linalotokea wakati wa kutuma fedha ni tofauti na lile la kwenye ukurasa wake, na ukurasa wenyewe umebadilishwa jina tangu malalamiko yaanze. Picha aliyoiweka hapo huenda ni ya mtu asiyehusika kabisa, na sitaki asiye na hatia aandamwe. Pili, shauri limefikishwa polisi, na ni vyema wao ndio waseme ni nani. Ninachoweza kuwapa ni namna anavyofanya kazi, kwa sababu hiyo haibadiliki hata akibadilisha jina.

Hadithi yake imetungwa kwa kuwajua watu wa kwetu. Anaeleza kwamba ana ndugu Japani anayeshughulika na magari yaliyotumika, na kwamba seti hizo husafirishwa ndani ya magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, ndiyo maana bei yake iko chini kidogo ya bei ya kuagiza kwa posta. Nani atakataa, wakati kila mmoja wetu anamfahamu mtu aliyeagiza gari kutoka Japani? Tena Shizuoka ni jina lenye uzito kwetu, kwa kuwa kampuni za kutengeneza modeli za Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi zote zina makao katika mkoa huo. Mtu anayeutaja mkoa huo kwa wepesi huonekana anajua anachokiuza.

Magari aliyoyachagua nayo hakuyachagua ovyo. Datsun 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, wakati mbio hizo zikiwa bado zinabeba jina la Afrika Mashariki nzima. Celica Twin Cam Turbo ilishinda mara tatu mfululizo, mwaka 1984 na 1986 ikiwa na Björn Waldegård, na mwaka 1985 ikiwa na Juha Kankkunen. Wapo wazee wetu waliosimama kando ya barabara za vumbi wakayaona magari hayo yakipita, na wapo watoto wao wanaotafuta modeli hizo ili wawaonyeshe. Matoleo yenye mapambo ya Safari hayatengenezwi kila mwaka. Yakiisha madukani, bei hupanda, na anayelitafuta huwa tayari kuamini. Muuzaji huyu anaitumia hamu hiyo kujinufaisha, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko fedha zenyewe.

Sasa niwaeleze kilichomo ndani ya sanduku, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipo.

Jambo la kwanza ni nailoni. Muuzaji huringia nailoni iliyokaza kama uthibitisho kwamba sanduku halijafunguliwa. Masanduku mengi ya Tamiya ya 1/24 hutoka Japani bila nailoni yoyote kwa nje. Zinazofungwa ni fremu za plastiki zilizoshikilia vipande kabla havijakatwa, zilizomo ndani, kila moja au mbili katika mfuko wake. Kwa hiyo sanduku la namna hiyo likija limevishwa nailoni, swali ni nani aliyeivisha. Katika sanduku nililopokea mimi, nailoni ilikuwa nene, mshono wake ulipita katikati ya mgongo wa sanduku ukiwa umepinda, na pembeni kulikuwa na alama za kuungua, kama zinavyobaki pale mtu anapotumia kikaushia nywele au pasi. Chini ya nailoni hiyo kulikuwa na vumbi juu ya kifuniko. Vumbi haliwezi kuingia chini ya nailoni iliyofungwa kiwandani na kukaa kwa utulivu namna ile.

Jambo la pili, na ndilo zito zaidi, ni stika za kulowesha majini, yaani zile zinazolowekwa hadi alama iachane na karatasi, kisha hubandikwa kwenye bodi. Katika modeli ya gari la mashindano, thamani kubwa imo katika karatasi ya stika, kwa maana bila namba, majina ya wadhamini na mistari, gari la Safari ni gari la kawaida tu. Muuzaji huyu huitoa karatasi halisi, ambayo naamini anaiuza peke yake kwingineko, na badala yake huweka nakala aliyoichapa kwa printa ya ofisini. Ukiiangalia haraka huoni tofauti. Ishike karatasi hiyo mbele ya dirisha, uiinamishe mpaka mwanga uteleze juu yake. Kwenye stika halisi utaona kila alama ina utando wake unaong'aa, umekatwa kuifuata umbo lake, na kati ya alama moja na nyingine karatasi imekauka bila mng'ao. Kwenye nakala, utando ni mmoja tu umefunika karatasi nzima kutoka ukingo hadi ukingo, na itakubidi ukate kila alama kwa mkasi.

Dosari nyingine ya nakala hiyo hutaiona mpaka umekwisha kupaka rangi. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Sehemu yoyote inayopaswa kuwa nyeupe, kama kile kibao cha mlangoni kinachobeba namba ya gari, huachwa wazi, na kwenye karatasi huonekana nyeupe kwa sababu karatasi yenyewe ni nyeupe. Ukiibandika kwenye bodi nyekundu ya 240Z, kibao kinatoweka na namba nyeusi inabaki ikielea juu ya nyekundu. Mwenzetu wa Arusha aliloweka stika yake ya kwanza, na wino ukaanza kumwagika kwenye bakuli kabla hajaigusa. Alikuwa amekwisha kuipaka bodi rangi tabaka kwa tabaka, akaisugua kwa msasa wa maji, na akaisubiri ikauke vizuri. Kazi hiyo hairudishwi na mtu yeyote.

Jambo la tatu ni vioo na tairi. Kiwandani, tairi hutengwa na vipande vingine, na sababu yake ni ya kikemia. Tairi nyingi za modeli ni za vinili laini, na kilainishi kilichomo ndani yake hutoka polepole na kuyeyusha plastiki ya polistairini inayogusana nayo. Mtu anayefungua seti na kurudisha vitu bila kujali huitupa mifuko ya awali na kuvichanganya vyote pamoja. Kwenye picha za kutoka Mombasa, kioo cha mbele kina kovu la nusu duara, limezama, na ndani yake imenakiliwa michirizi ya tairi. Kovu la namna hiyo halitokei kwa wiki moja. Seti hiyo ilifunguliwa zamani, na vipande vyake vimekaa vikigusana muda mrefu. Kioo chenye kovu hilo haking'arishiki, na kukitafuta peke yake ni shida tupu.

Baadhi ya wanunuzi wamepokea hata kitu tofauti na walichoagiza. Hapa rula inatosha. Datsun 240Z halisi ina urefu wa takriban mita 4.1, kwa hiyo bodi yake katika 1/24 inapaswa kukaribia sentimita 17. Ikipima kama sentimita 13, umepewa ya 1/32.

Njia yake ya pili ni ya wale wanaolipia kabla mzigo haujafika, na hii haina hata sanduku. Baada ya kupokea malipo, hutuma namba ya kufuatilia kifurushi, kisha siku chache baadaye hudai kwamba mzigo umezuiwa forodhani na unahitaji ushuru, utumwe haraka kwenye namba ya simu ya “wakala” wake. Namba ya kufuatilia kifurushi cha posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotoka. Kifurushi kilichotumwa kwa posta ya Japani humalizikia na JP. Namba aliyompa mmoja wetu ilimalizikia na CN, yaani China, na ilihusu kifurushi cha mtu mwingine kilichokwisha kupokelewa. Kuhusu ushuru, hapa Tanzania malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, haiendi kwenye simu ya mtu binafsi. Atakayekwambia utume kwenye namba ya simu, ni ule ule utapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” uliovishwa koti jipya.

Lazima niseme pia yale ambayo si ushahidi wa utapeli, kwa kuwa nimeona wauzaji waaminifu wakishukiwa bure. Sanduku la Tamiya lililoandikwa kwamba limetengenezwa Ufilipino si bandia. Kampuni hiyo ina kiwanda chake Cebu. Sanduku lililobonyea pembeni limesafiri tu. Stika zilizogeuka njano kwenye seti ya miaka mingi ni uzee, na muuzaji mwaminifu huzionyesha kwenye picha na kupunguza bei. Hata kuuza seti iliyofunguliwa si kosa, mradi mnunuzi aambiwe na aonyeshwe kilichomo.

Kwa hiyo mwombeni muuzaji picha za fremu zote zikiwa zimetandazwa mezani, pamoja na karatasi ya stika, vioo na tairi, na kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo kikiwa kando yake. Linganisheni picha hizo na kijitabu cha maelekezo, ambacho kwa seti nyingi hupatikana kwenye tovuti ya modeli ya Scalemates. Kila fremu ina herufi yake, na ramani ya vipande inaonyesha kinachopaswa kuwepo. Huyu ninayemzungumzia huwa anakataa ombi hilo kwa kusema kwamba kufungua kutaharibu thamani ya seti. Mkiwa mji mmoja, kutaneni mahali penye watu, fungueni sanduku pamoja, ndipo mlipe.

Aliyekwisha kutuma fedha apige simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake ili waone kama fedha bado zinaweza kuzuiwa, aripoti namba ya tapeli kupitia 15040, kisha aende kituo cha polisi kilicho karibu kupata RB, yaani namba ya taarifa yake iliyoandikishwa kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa aina hii, na taarifa za watu wengi dhidi ya namba moja zina nguvu kuliko ya mtu mmoja. Msifute mazungumzo yenu naye, wala ujumbe wa muamala. Kwa mlio na masanduku yake nyumbani, msitupe ile nailoni hata kama mmeshaichana. Pigeni picha ya mshono wake, ya karatasi ya stika ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, na ya vioo, na mzipeleke pamoja na sanduku lenyewe mnapokwenda kutoa maelezo.