Tathmini ya huduma ya mchujo katika tawi la chama chetu, Malindi

Chama cha siasa kina huduma nyingi kwa wanachama wake, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni kuwapa nafasi ya kuamua ni nani atakayepeperusha bendera ya chama uchaguzini. Tathmini hii ninaiandika nikiwa mwanachama wa kawaida wa tawi moja hapa Malindi, nisiye na cheo wala azma ya kuwania kiti, na ninaipima huduma hiyo kama nilivyoipata wakati wa mchujo uliotangulia Uchaguzi Mkuu wa Agosti 9, 2022. Chama chenyewe sikitaji.

Usajili ulikuwa mzuri. Karani alinipokea kwa adabu, akanakili nambari ya kitambulisho changu, na baadaye nikaweza kuhakikisha katika mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa kwamba jina langu limo. Hilo si jambo dogo, kwani mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na ikawabidi kujiuzulu uanachama ambao hawakuuomba.

Baada ya hapo huduma iliharibika, na iliharibikia mahali ambapo watu wachache hupatazama. Sheria ya Vyama vya Siasa, kama ilivyorekebishwa mapema mwaka wa 2022, inatambua njia mbili za mchujo: ile ya moja kwa moja, ambayo kila mwanachama aliye katika sajili hupiga kura, na ile ambayo kura hupigwa na wajumbe kwa niaba ya wenzao. Tawi letu lilichagua njia ya wajumbe. Sikuipinga wakati ule na siipingi sasa, kwa maana kuwafungulia vituo wanachama wote, kuanzia mjini hadi vijiji vya Jilore, kunahitaji fedha ambazo tawi halina. Tatizo langu ni jinsi wajumbe hao walivyopatikana. Mimi sikuitwa katika mkutano wowote wa kuwachagua, na wanachama ninaofahamiana nao katika mitaa ya Barani na Maweni hawakuitwa pia. Orodha ilitujia ikiwa imekwisha kuandikwa, na tulipouliza iliandikwa lini na katika kikao gani, tuliambiwa kwamba kamati imeshaketi na kwamba muda umekwisha.

Matokeo yake yaliwaumiza zaidi waaniaji wenyewe. Walilipa ada ya uteuzi, ambayo kwa kawaida hairudishwi, wakazunguka mitaani wakiomba kura kwa wanachama ambao hawangepiga kura, ilhali orodha ya wale ambao wangepiga ilikuwa mikononi mwa wachache. Mwaniaji aliyeipata mapema aliweza kumpigia simu kila mjumbe na kumtembelea nyumbani kwake. Aliyeipata siku ya kura hakuwa na la kufanya. Siku yenyewe ilikwenda kwa utulivu, sanduku lilikuwa wazi mbele ya mawakala na kura zilihesabiwa hadharani, kwa hiyo wengi walioshuhudia waliondoka wakiamini kwamba wameona mchujo wa haki. Mimi naamini kwamba uamuzi ulikwisha kufanywa siku ile orodha ilipoandikwa, na kwamba kuhesabu kura kwa uaminifu hakuwezi kuwarudishia wanachama sauti waliyonyimwa kabla.

Kuhusu kuidhinishwa kwa maafikiano, yaani kile kinachoitwa tiketi ya moja kwa moja, ambapo mwaniaji hupewa tiketi bila kura kupigwa, nitasema kwa ufupi tu kwamba maafikiano yana maana pale ambapo waaniaji wote wameketi, wamekubaliana na wametia saini. Kamati ikikubaliana yenyewe kwa yenyewe, hayo si maafikiano ya wanachama.

Upande wa malalamiko haukuridhisha hata kidogo. Sheria inamtaka mlalamishi ajaribu kwanza kutafuta suluhu ndani ya chama kabla ya kufika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha rufaa huenda Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapa hapa Malindi. Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Lakini tawi halikutoa fomu ya malalamiko, halikutaja afisa wa kuyapokea, wala halikujibu barua kwa maandishi, na asiye na jibu la maandishi hupata taabu kuthibitisha kwamba alianzia chamani.

Marekebisho ninayoyadai hayahitaji sheria mpya. Orodha ya wajumbe wa kila wadi ibandikwe kwenye ofisi ya tawi na mahali ambapo watu hupita, wiki kadhaa kabla ya kura, pamoja na tarehe ya mkutano uliowachagua na saini za waliohudhuria, na waaniaji wote wapewe nakala siku moja. Kila pingamizi lijibiwe kwa maandishi. Pale ambapo wanachama hawaiamini kamati, chama kitumie nafasi iliyomo katika Sheria ya Uchaguzi ya kuiomba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) isimamie mchujo wake. Nafasi hiyo ipo, na Kifungu cha 88 cha Katiba kimeshaipa tume jukumu la kudhibiti jinsi vyama vinavyoteua wagombea.

Ukarimu wa karani na utulivu wa siku ya kura ninavisifu kwa moyo mkunjufu, na uanachama wangu sijauacha. Hata hivyo, kwa mtu anayetafuta tiketi ya uwakilishi wadi kwa ajili ya uchaguzi wa Agosti 2027, hasa kijana au mwanamke asiye na jamaa katika kamati, ushauri wangu ni kwamba asilipe ada katika tawi hili kabla ya kuonyeshwa orodha ya wajumbe wa wadi yake na kumbukumbu za mkutano uliowachagua.