Sukari ya Mnazi: Ipi Ununue na Ipi Uiache Dukani

Wengi huiita sukari ya nazi, na jina hilo ndilo linalowapotosha wanunuzi, kwa sababu sukari hii haitokani na nazi kabisa. Hutokana na utomvu wa karara, yaani ua la mnazi likiwa bado limefumbwa ndani ya ganda lake, na kazi ya kuupata ni ile ile ambayo mgema wa Kilifi au wa Tanga huifanya kila siku: hupanda na kotama yake asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kipande chembamba, kisha huning'iniza chombo cha kukinga matone. Utomvu huo ukiachwa kwa saa chache tu huchacha na kuwa tembo, yaani pombe ya mnazi. Ukiwahiwa motoni ungali mtamu, hupungua maji na kuwa asali ya tembo, ambayo watu wa pwani wameijua tangu zamani, na ukizidi kuchemshwa huku unakorogwa hukauka ukawa sukari. Nyingi inayouzwa duniani leo hutengenezwa Indonesia, Ufilipino na Thailand.

Kabla ya kuzipanga aina zake, ni lazima niseme wazi jambo ambalo maandishi ya kwenye pakiti hulifunika. Sukari ya mnazi ni sukari. Takriban asilimia 70 hadi 80 yake ni sukrosi, ile ile iliyomo katika sukari nyeupe ya miwa, na kijiko kimoja cha chai hutia mwilini kiasi cha kilokalori 15, karibu sawa na kijiko cha sukari nyeupe. Wauzaji hupenda kutaja kipimo cha 35 kuhusu kasi yake ya kupandisha sukari katika damu. Kipimo hicho kilitoka katika taasisi ya utafiti wa chakula na lishe ya Ufilipino, lakini Chuo Kikuu cha Sydney kilipoipima kilipata 54, hali sukari nyeupe huwa kati ya 60 na 65. Mwenye kisukari asiyeonyeshwa namba ya pili anaweza kuongeza vijiko kwa kujiamini, na hilo linanihuzunisha kila ninapoliona. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za kuongezwa zisifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zibaki chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 au vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Sukari ya mnazi imo katika hesabu hiyo, na asali ya nyuki pia imo. Madini yanayosifiwa yamo kweli, ila kwa kiasi kidogo: kijiko cha chai kina kama miligramu 40 za potasiamu, na ndizi mbivu moja ina takriban 400.

Sababu ya haki ya kuinunua, basi, ni ladha. Ina harufu ya sukari iliyoanza kuungua kwenye sufuria, na utamu wake ni wa taratibu, hauchomi ulimi. Katika kashata za nazi, vitumbua, uji wa mtama na mkate wa ndizi, hakuna sukari nyingine ninayoipenda zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa sukari ya mnazi ya chenga, kavu, yenye kiambato kimoja tu kwenye lebo. Hiyo hupimwa kwa urahisi, huyeyuka upesi, na huingia mahali pa sukari nyeupe kikombe kwa kikombe. Geuza pakiti usome nyuma, kwa kuwa mbele ni pa picha ya mnazi na nyuma ni pa ukweli. Ukiona sukari ya miwa imetajwa, hata ikiwa mwishoni, unalipa bei ya mnazi kwa bidhaa ya muwa. Ukiona salfaiti, ambayo baadhi ya watengenezaji huitia ili utomvu usichache, nakushauri uiache ikiwa nyumbani kuna mwenye pumu, maana wapo wanaodhurika nayo. Kisha bonyeza pakiti kwa vidole. Chenga nzuri huteleza; zile zilizonata na kuwa tope zito mara nyingi ama zimefyonza unyevu ama zimetokana na utomvu uliokwisha kuanza kuchacha, kwa kuwa uchachu huivunja sukrosi na kuifanya isigande vizuri. Harufu ya siki ni dalili ya pili ya kosa hilo hilo. Wasomaji Waislamu wanaouliza kama sukari hii ina uhusiano na tembo kali wajue kwamba utengenezaji wake wote hutegemea kuzuia uchachu. Wakulima wa Java, kisiwa cha Indonesia, hutia chokaa kidogo katika vyombo vyao vya kukingia kwa ajili hiyo hiyo.

Nafasi ya pili huenda ikawashangaza baadhi ya watu, kwa sababu naipa sukari guru, ambayo si ya mnazi. Hutengenezwa kwa maji ya miwa yaliyochemshwa bila kusafishwa, kama yafanyavyo majiko ya kule Kakamega, na ladha yake iko karibu mno na ya sukari ya mnazi kuliko inavyodhaniwa. Sukari ya mnazi huuzwa mara kadhaa ya bei ya sukari ya kawaida, tena katika pakiti ndogo za gramu 200 au 250 zinazoficha bei halisi ya kilo. Kwa hiyo gawanya bei kwa uzito hapo hapo dukani kabla hujaitia kikapuni. Familia inayopika chai ya watu wanane kila asubuhi haina sababu ya kujibana kwa ajili ya mnazi. Chagua sukari guru iliyo safi, isiyo na mchanga wala mabaki ya miwa, na ujihadhari na ile ya rangi ya manjano angavu mno, kwa kuwa rangi yake ya asili ni ya kahawia.

Ya tatu ni sukari ya mnazi ya kipande, ile inayoumbwa katika vifuu au vipande vya mianzi, ambayo Waindonesia huiita gula kelapa. Kwa harufu pekee ningeipa nafasi ya kwanza. Imeshuka kwa sababu mbili: lazima uikwangue kwa kisu kila unapoihitaji, na ni rahisi kuchanganywa na sukari ya miwa ili igande na iongezeke uzito, jambo lililo la kawaida hasa katika zile laini za Thailand. Ulimi hauwezi kuligundua hilo kwa uhakika. Maabara huweza, kwa kuwa kaboni ya muwa na ya mnazi hutofautiana. Usiichanganye na gula aren, inayotokana na mti mwingine wa jamii ya mitende. Nayo ni nzuri, ila siyo uliyoiomba.

Shira ya mnazi naiweka nafasi ya nne. Inafaa juu ya vibibi na chapati za maji, lakini ina maji ndani yake, kwa hiyo sukari unayoipata ni pungufu ya unayodhani unailipia.

Michanganyiko yenye maneno kama ladha ya nazi, au sukari ya mnazi pamoja na stevia, yaani utamu wa majani ya mmea wa jina hilo, sikuipa nafasi. Asali ya nyuki na tende nimeziacha nje ya mpango huu kwa kuwa kazi zake ni nyingine, ingawa kwa uji wa watoto tende zilizosagwa ndizo ninazozichagua, maana zina nyuzinyuzi zake. Asali asipewe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Anayeanza anunue pakiti ndogo zaidi na aitumie kwanza kwenye kashata, apunguze moto kidogo, kwa sababu huungua mapema kuliko sukari nyeupe. Asiitie kwenye keki anayotaka iwe nyeupe, na chai ya maziwa itageuka rangi. Baada ya kufunguliwa ihamishiwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, kwani hewa ya pwani huigandisha ndani ya siku chache. Ikishagandamana haijaharibika, ipondwe kwa mchi na iendelee kutumika.