Nilivyoifuatilia Starliner nikiwa Kigoma: maoni yangu kuhusu matangazo ya mubashara ya NASA

Hapa mtaani kwetu Mwanga, roketi ikiahirishwa watu huzima simu na kulalamika kwamba bando limeteketea bure. Nawaelewa, bando ni hela. Lakini mwaka 2024 nilifuatilia safari ya majaribio ya chombo cha anga cha Starliner kupitia matangazo ya bure ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, tangu usiku kilipokwama mara ya kwanza hadi jioni kilipoondoka, na nasema kwa moyo mweupe kwamba zile siku zilizokwama ndizo zilizonifundisha zaidi.

Kuhusu huduma yenyewe sina maneno mengi. NASA wanarusha mubashara YouTube, na pia wana NASA+, huduma yao waliyoianzisha Novemba 2023, haina malipo ya mwezi wala matangazo ya biashara. Mimi nilibaki YouTube kwa sababu mtandao ukielemewa naweza kuishusha picha hadi 144p. Hapo maandishi ubavuni mwa roketi hayasomeki tena, ila sauti haikatiki, na katika mambo haya sauti ni nusu ya kazi. Lugha ni Kiingereza, tena cha redio za marubani, maneno mafupi mafupi yenye vifupisho. Mdogo wangu aliyekuwa kidato cha nne alikuwa ananitafsiria yaliyonipita, na baada ya muda yeye mwenyewe akawa anayasubiri.

Tuje kwenye chombo. Starliner imetengenezwa na Boeing ili kupeleka watu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ilisharuka bila watu: Desemba 2019 saa yake ya ndani ilikuwa imekosewa, ikachoma mafuta mahali pasipotakiwa na haikufika kituoni, kisha Mei 2022 ikafika. Kwa hiyo safari ya 2024 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kubeba binadamu, Butch Wilmore na Suni Williams, wote wawili marubani wa majaribio waliotoka jeshi la majini la Marekani. Chombo kiliwekwa juu ya roketi ya Atlas V pale Cape Canaveral, Florida. Atlas V ilikuwa na historia ndefu ya kubeba setilaiti, lakini watu ilikuwa haijawahi kuwabeba. Hilo lishike, maana ndilo linaloeleza yote yaliyofuata.

Mara ya kwanza ilipangwa kuruka saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri ya Mei 7 kwa saa zetu, kwao bado ikiwa usiku wa Mei 6. Nilinunua bando la usiku, ambalo ni nafuu. Kwenye saa tisa na nusu hivi, wanaanga wakiwa wameshafungwa mikanda, wakatangaza kuahirisha. Vali moja ya kupunguza mgandamizo kwenye tangi la oksijeni, sehemu ya juu ya roketi, ilikuwa inafunguka na kufunga mfululizo kwa kasi kiasi cha kuvuma. Jirani yangu angesema kwamba wameharibu usiku wake. Lakini sikiliza maelezo waliyotoa baadaye: vali hiyo imepimwa kudumu kwa kufunguka na kufunga mara 200,000, na dawa yake inajulikana, unaifunga kabisa halafu unaifungua, inatulia. Roketi ingekuwa imebeba setilaiti wangefanya hivyo na kuendelea. Kwa kuwa juu yake wamekaa watu, sheria yao inakataza kuichezea hali ya vali hiyo mpaka watu watoke. Wakawatoa, na baadaye vali ikabadilishwa.

Niliposikia hivyo nilikaa nikiwaza. Hitilafu ilikuwa ileile, dawa ileile, roketi ileile, na uamuzi ukabadilika kwa sababu ya nani amekaa juu. Sijui somo gani la fizikia darasani lingeniingia namna ile.

Baada ya hapo likaja suala la gesi ya heliamu kuvuja kwenye mfumo unaosukuma mafuta ya injini ndogo za chombo, tarehe zikasogezwa tena na tena ndani ya Mei. Sehemu hii ilikuwa na mikutano mingi na picha chache, sitawachosha.

Juni 1 ndiyo jioni ninayoikumbuka vizuri. Ilipangwa saa moja na dakika 25 usiku, muda ambao nyumba yetu imejaa. Mama mdogo alikuwa amerudi kutoka Kibirizi kuanika dagaa, khanga bado ina magamba, tukaunganisha simu na sabufa ili wote wasikie. Hesabu ilikuwa inashuka vizuri. Wanaanga wamefunga vioo vya kofia zao. Ilipofika dakika 3 na sekunde 50, saa ikasimama. Haikupunguza mwendo, ilisimama tu, namba zikabaki palepale kwenye kioo.

"Kwa hiyo hawaendi?" akauliza mama mdogo.

"Leo hawaendi, mama mdogo."

"Basi wawashushe wale watoto wakale."

Wale watoto, Butch alikuwa na miaka 61 na Suni 58. Na kweli mafundi walirudi kuwafungua mikanda na kuwatoa.

Kilichoisimamisha ni kompyuta, wala hakukuwa na mtu aliyebonyeza kitu. Pale kwenye kituo cha kurushia kuna kompyuta tatu zinazosimamia dakika za mwisho, na lazima zote tatu zikubaliane. Mbili ziliwaka kama kawaida, ya tatu ikachelewa kwa sekunde kadhaa. Mfumo ukakataa wenyewe. Uchunguzi ukaonyesha kifaa kimoja cha kugawa umeme ndani ya kompyuta hiyo kimekufa, wakakibadilisha. Swali la haraka ni kwa nini wasisubiri dakika kumi, waiwashe upya na kuendelea. Jibu lake ndilo lililonifungua akili. Kituo cha anga kinazunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, na dunia nayo inajizungusha chini yake. Roketi inatakiwa kuondoka wakati ule hasa Cape Canaveral inapopita chini ya njia ya kituo. Ukipitwa na muda huo umepitwa, unasubiri siku nyingine. Ni kama treni ya reli ya kati isiyomngoja abiria stesheni, hata akiwa ameshaiona.

Jumatano, Juni 5, saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Huku jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na kioo cha simu kilikuwa kinameta hadi tukaingia ndani. Hesabu ikavuka 3:50, mdogo wangu akanishika mkono. Ikavuka dakika moja. Injini ikawaka, na zile roketi mbili za pembeni zikainyanyua kwa kasi hata mtandao wetu uliganda kidogo, picha iliporudi moshi ulikuwa umeshajaa kioo na chenyewe kimebaki mwanga. Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Ilikuwa Atlas V ya 100.

Hapo wengi huzima, na nawasihi wasizime. Atlas haikukifikisha chombo kwenye mzunguko kamili wa kuizunguka dunia. Ilikiacha karibu, kwa makusudi, na kama dakika 31 baada ya kuruka Starliner yenyewe ikawasha injini zake kukamilisha. Nusu saa hiyo ni utulivu wenye wasiwasi mkubwa kuliko ule moshi. Kuna pia jambo dogo walilolieleza ambalo lilinigusa: kituoni pampu ya mtambo unaogeuza mkojo kuwa maji ya kunywa ilikuwa imeharibika, ikabidi mpya ipakiwe dakika za mwisho, na ili ipate nafasi wakatoa mabegi ya nguo za wanaanga wale wawili. Safari ilikusudiwa kuwa ya siku nane tu.

Yaliyotokea baadaye mnayajua. Heliamu ilizidi kuvuja, injini ndogo kadhaa zikagoma wakati wa kukaribia kituo, na Agosti 24 NASA wakaamua chombo kirudi kitupu. Kilitua jangwani New Mexico Septemba 7, kwetu saa moja asubuhi, na hilo nalo lilionyeshwa mubashara. Butch na Suni walirudi Machi 2025 kwa chombo cha SpaceX, kampuni nyingine ya Marekani. Kuna waliosema kwamba kumbe hata ile tahadhari yote ya mwanzo haikusaidia kitu. Mimi sikubaliani nao. Watu wawili wako nyumbani kwao wazima, na kila hatua ya kusita ilifanyika mbele ya macho yetu.

Mwenye bando dogo afanye hivi. Chukua saa ya Florida uongeze saa saba, au nane kati ya Novemba na Machi, upate saa yetu. Matangazo huanza saa kadhaa kabla, wewe ingia zikibaki dakika ishirini. Ikiruka, kaa mpaka wathibitishe kuwa chombo kimeingia kwenye mzunguko. Ikiahirishwa, zima kwa muda, halafu rudi kwenye mkutano wa waandishi wa habari, ambao mara nyingi hufanyika siku hiyohiyo na unabaki YouTube. Habari ya zile kompyuta tatu niliisikia kwenye mkutano wa Juni 1, picha ikiwa 144p, mama mdogo pembeni akiniuliza kila baada ya muda wamesema nini.