Mashine ya kima ya mkono, used: wiki nzima nimefunga kisu kinyume!

Asalaam alaykum jamani, karibuni tena, na leo hatupiki kwanza, leo nimekuja na hasira zangu. Hii hapa. Mashine ya kima, yaani ya kusagia nyama, ya mkono, chuma kitupu, ikikuangukia mguuni huna mguu. Nimeipata kwenye vitu used pale Mwanakwerekwe, hapa Unguja, muuzaji kaanzia elfu arubaini, nikajifanya naondoka, tukamalizana ishirini na tano. Imeandikwa Porkert, namba 10, na huku ubavuni, sogeza simu mwanangu, pameandikwa Czechoslovakia. Nchi yenyewe ilishagawika zikawa mbili tangu 1993, kwa hiyo hii ni dada yake mkubwa huyu anonishikia simu.

Vipande vyake mnavijua, sitopoteza muda. Kilichonitesa ni kisu. Nimenunua steki kilo nzima nikajua leo sambusa, nazungusha nazungusha, nyama haitoki, yatoka maji mekundu, baadae kitu kama uji, kufungua ndani mishipa imejisokota kwenye kisu kama nywele kwenye chanuo. Nikajua nimepigwa, nikamsema yule muuzaji moyoni mpaka basi, Mungu anisamehe.

Kumbe kisu nimekifunga kinyume! Tizameni. Kina mabawa manne, upande mmoja bapa, wa pili umevimba. Kiweke mezani hivi, bapa chini... kinatulia, hakichezi. Huo bapa ndio wenye makali na ndio unaotakiwa uguse sahani ya matundu, yaani uangalie nje. Mie nikiugeuza ndani, nkidhani makali yakutane na nyama kwanza, si inaingia akilini? Lakini hapana, kinachokata ni kisu na sahani vikikwanguana, kama mkasi, sasa mkasi wenye upande mmoja utakata nini?

Narudia, najua kuna mtu anakaanga vitunguu huku anatizama. Kile chuma kilichojisokota ndani, kisu mbele yake, bapa nje, halafu sahani, hichi kipengo chake kikae kwenye kijino hapa, mwisho ringi. Ringi ikilegea kisu hakigusi sahani na nyama inapondeka tu, ukiikaza mno mkono hauzunguki. Sikilizeni... krr, krr. Sauti ndio hiyo.

Haya nyama, nimeikata vipande virefu, mishipa nimetoa, imekaa kwenye friza kidogo ipate ugumu. Msisukume kwa kidole, tumieni mti wa mwiko. Oneni, oneni inavyotoka uzi uzi! Mashaallah. Na yule alonambia kwenye komenti ninunue brenda, kwa heshima zote, brenda inakupa uji. Ya umeme nzuri, sikatai, ila bei yake mie bado, na umeme ukizimika saa kumi ya Ramadhani manda zako za kufungia sambusa zipo mezani zinakauka, utazungusha nini?

Nisichokipenda ni hichi kibano cha kuishikiza mezani. Meza yangu nene haingii, ya plastiki inapinda, nimeishia kuifunga kwenye benchi na kulikalia kama mbuzi ya nazi, mama kapita kacheka mpaka kakaa chini. Na kutu! Siku moja tu nimeilaza na maji, na upepo wetu huu wa chumvi, asubuhi sahani ishakuwa rangi ya chai. Maji moto, kausha hapo hapo, paka mafuta ya kula, usiku huo huo, usiseme kesho.

Halafu wamebaki watu arubaini tufike elfu mbili kwenye chaneli, wewe unaetizama kila siku bila kusabskraibu nakujua. Tukifika nafanya ya kababu.

Ngojeni, kilichobakia ndani nasukuma na kipande cha mkate, boflo, hivi... kima, kima, kima... eeh, boflo hilo leupe linachungulia. Imekwisha. Zima simu mwanangu, njoo ufunge sambusa.