Robin Lakoff na nafasi ya mwanamke katika lugha: toleo la 2004

Toleo la 2004 la Language and Woman's Place, kitabu cha mwanaisimu wa Marekani Robin Lakoff, limechapishwa na Oxford University Press chini ya uhariri wa Mary Bucholtz, na anayelinunua atapata kitabu kidogo kizuri sana kilichojalidiwa pamoja na kikubwa chenye ubora wa wastani tu. Kidogo ni maandishi ya mwaka 1975, ambayo yalipotoka hayakufika kurasa 100. Kikubwa ni makala za wanaisimu wengine wanaoyajadili.

Lakoff, mzaliwa wa Brooklyn, alipata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1967 kwa utafiti wa sarufi ya Kilatini, na tangu 1972 akafundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hadi alipostaafu. Malezi hayo ya kisarufi yanaonekana wazi, kwani hakuzunguka na kinasa sauti: huchukua sentensi, akaigeuza, kisha akaliuliza sikio lake kama inakubalika. Kwa njia hiyo anaonyesha kwamba Kiingereza humwita mwanamke mjane wa John bila shida, ilhali mwanamume aliyefiwa hatajwi kwa jina la mkewe namna hiyo.

Hapo nilisita. Sisi hujivunia kwamba Kiswahili hakina jinsia, kwa kuwa ukisikia "amefika" hujui kama ni mke au mume. Hata hivyo, matangazo yetu ya vifo husema marehemu ameacha mjane na watoto, huku neno mgane, ambalo kamusi inalo kwa ajili ya mume aliyefiwa, likiwa geni kwa wasemaji wengi. Tena mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na ukisema kwamba Asha amemuoa Juma, watu watacheka kwanza kabla hawajakusahihisha.

Si kila hoja inasimama. Lakoff anadai kwamba wanawake hutofautisha rangi kwa majina mengi kwa sababu wameachiwa mambo yasiyo na uzito, lakini muuza vitenge wa Kariakoo, mwanamume aliyekomaa, atakutajia damu ya mzee na bluu bahari bila kupepesa macho, kwa kuwa kwake rangi ni fedha. Vilevile alidai kwamba wanawake ndio hasa wanaotia swali dogo mwishoni mwa kauli, kama "sivyo?", na mwaka huohuo wa 1975 watafiti Dubois na Crouch walisikiliza mazungumzo ya kikao kimoja cha kitaaluma, wakaona waliotumia maswali hayo ni wanaume. Baadaye O'Barr na Atkins walichunguza mashahidi mahakamani, wakahitimisha kwamba usemi ule ambao Lakoff aliuita wa wanawake unahusu zaidi kukosa mamlaka kuliko kuwa mwanamke.

Kinachobaki imara ni ule mtego anaoueleza: msichana akisema kwa ukali hukemewa kwamba hana adabu, na akisema kwa upole unaotakiwa, akikua huambiwa hawezi kusimamia hoja nzito. Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote, na mwandishi hakuzificha nyuma ya istilahi.

Katika makala za ziada, ya Marcyliena Morgan inastahili kusomwa, maana inauliza wanawake weusi wa Marekani walikuwa wapi katika picha hiyo, na ya Deborah Tannen, aliyekuwa mwanafunzi wa Lakoff, inasomeka kwa urahisi. Nyingine nyingi ni heshima kwa mwalimu, na zinarudiana. Nakala yangu ni ya mtumba, na mistari ya penseli ya mmiliki wake wa kwanza inakoma palepale makala hizo zinapoanza. Pamoja na hayo, mwenye uwezo wa kuchagua achukue toleo hili badala ya lile la kwanza, kwa kuwa limebeba utangulizi mpya wa Lakoff mwenyewe.