Waliniambia Nikanunue Lenzi: Uzoefu Wangu na Duka la Kusafishia Picha Kariakoo

Sitalitaja jina la duka hilo. Liko Kariakoo, ghorofani, na wateja wake wengi ni wapiga picha wa harusi kama mimi, kwa hiyo anayelijua atalijua. Naandika kwa hasira, na nakiri mapema kwamba hasira hiyo imekwisha kupoa mara mbili na kuchemka upya, ndiyo maana msomaji ataniona nikibadilisha hukumu njiani.

Harusi yenyewe ilifungwa siku chache baada ya Idi, katika ukumbi mmoja wa Sinza. Sare ya kina mama ilikuwa ya rangi ya feruzi, feruzi kali ile inayokaribia kuumiza macho, na walikuwa wameitafuta kwa majuma kadhaa mpaka wakapata vitambaa vya jora moja. Siku ya kuchukua albamu nilifuatana na mama mzazi wa bibi harusi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amebaki na malipo ya mwisho. Tukafungua ukurasa wa kwanza pale pale kaunta. Feruzi ilikuwa imefifia na kuwa kama maji yaliyokwisha kufulia nguo, na bibi harusi, ambaye ni mweusi wa kung'aa, alionekana kama aliyepakwa unga wa muhogo usoni.

"Mwanangu," mama akaniambia taratibu, "hii siyo sare yetu. Na huyu siye binti yangu."

Kijana wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Kaka, mashine yetu haina tatizo. Tatizo ni lenzi yako. Nenda kanunue lenzi ya maana, ndiyo uje uchukue kazi za watu."

Alitamka hayo mbele ya mteja wangu, ambaye bahasha ya malipo ilikuwa bado mkononi mwake, na akairudisha mkobani.

Sentensi hiyo moja ilinikosesha usingizi. Jambo la aibu ni kwamba niliiamini kwa karibu juma zima, hata nikaanza kuulizia mkopo katika kikoba chetu. Lakini tuseme ukweli kuhusu lenzi. Nyuso nilizipiga kwa milimita 85, kwa sababu lenzi hiyo hunilazimisha kusimama mbali na mtu, na umbali huo ndio unaouacha uso katika umbo lake. Mstari mrefu wa kina mama niliupiga kwa milimita 24, na hapo nakubali lawama, kwani waliosimama pembeni walinyooka mabega kama waliovutwa kwa kamba. Tena kwenye ukingo wa shela, pale taa za jukwaani zilipokuwa nyuma yake, kuna mstari mwembamba wa zambarau, na huo ni wa lenzi kweli. Lenzi mbili zinaweza pia kutofautiana kidogo, moja ikatoa picha yenye joto, yaani inayoelekea manjano, kuliko nyingine, na tofauti hiyo husawazishwa kwa kadi ya kijivu iliyopigwa chini ya taa zile zile. Hata hivyo lenzi haiwezi kuwaosha kina mama ishirini feruzi yao na kuacha taa, maua na keki zikiwa zimefifia kwa kiwango kile kile. Doa linaloenea sawasawa katika albamu nzima chanzo chake kiko kwingine.

Kwingine huko, nasikitika kusema, kulikuwa nyumbani kwangu. Usiku mmoja nilifungua mafaili yale yale katika programu nyingine, na nikaiona feruzi iliyofifia ikinitazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeyatoa katika Adobe RGB, nafasi pana ya rangi, yaani mkusanyiko wa rangi ambazo faili linaweza kuzibeba, na kusahau kuambatisha profaili ya rangi, ile lebo inayoiambia mashine namba za faili zisomwe vipi. Mashine inayopokea faili lisilo na profaili kwa kawaida hulichukulia kuwa ni sRGB, ile nafasi ya rangi ndogo zaidi iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na namba zilizoandikwa kwa lugha moja zikisomwa kwa lugha nyingine, rangi zote hupungua nguvu, za jamii ya kijani na feruzi zikiumia kuliko nyingine. Juu ya hilo, kioo changu nilikuwa nimekiwasha hadi mwisho kwa sababu nafanyia kazi sebuleni penye madirisha mawili, na kioo kinachowaka hivyo hukufanya uitie giza picha ambayo ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Basi nikafuta maneno makali niliyokuwa nimeandika, nikayatoa mafaili upya kutoka kwenye picha ghafi, zile ambazo kamera ilizihifadhi kabla ya kuhaririwa, nikarudi dukani kwa unyenyekevu. Laiti ningeishia hapo, tathmini hii ingekuwa ya sifa.

Nikamwomba kijana yule azime marekebisho ya mashine, yale yanayozing'arisha nyuso zenyewe bila kuulizwa. Akacheka. "Kaka, kila mtu anapenda kutoka mweupe kwenye picha."

Kumbe unga wa muhogo haukuwa wangu! Profaili iliyokosekana inaweza kumfifisha bibi harusi, lakini haiwezi kumng'arisha. Waliosafisha picha enzi za filamu watazikumbuka kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye mwanamke Mzungu ambaye ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha mashine, na ngozi zetu zikajipatia zitakachopata. Leo kitufe cha kuzima kipo, kidole cha kukibonyeza kipo, na mwenye kidole ni Mswahili mwenzangu anayenicheka. Hapo nilirudisha maneno yangu yote makali, na nikaongeza.

Aliyeniokoa ni fundi wa mashine, dada mmoja mtu mzima aliyetoka nyuma baada ya kusikia sauti yangu. Hakubishana. Alinipa profaili ya karatasi yao ili nione kwanza kwenye kioo jinsi karatasi itakavyopokea rangi, akazima marekebisho, akachapa vipande vitatu vya majaribio, kisha akavipeleka barazani kwenye mwanga wa mchana, kwa maelezo kwamba taa za dukani mwao ni za buluu na haziaminiki. Ngozi ilirudi. Feruzi nayo ilirudi, ingawa si yote, kwa kuwa ile kali kabisa wino wa karatasi ile hauifikii, na dada aliniambia hivyo kabla sijauliza.

Mama alikuja na kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani, akakilaza juu ya ukurasa pale barazani, akakisogeza huku na huku. "Angalau sasa naijua," akasema, na bahasha ikatoka mkobani.

Uchapaji wa pili nililipa bei kamili. Kijana hajaniomba radhi hadi leo. Nina sendofu ya kusafisha mwezi ujao na nitaipeleka pale pale, ila nitapiga simu kwanza niulize dada yuko zamu gani.