Laptopu inawaka, haiingii: fundi wa Kariakoo aliyeanza na taa

Ukibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, basi. Skrini nyeusi tii, hata nembo haitokei. Fundi wa kwanza aliitupia jicho tu akasema, "Hii ya kupiga Windows, dada." Nikaichukua nikaondoka. Windows, yaani programu inayoendesha mashine, inakaa kwenye diski, na mashine isiyofika hata kwenye nembo bado haijaanza kuisoma diski. Angenifutia hesabu zote za duka na ugonjwa ungebaki palepale.

Wa pili, ghorofani, hakukimbilia bisibisi. Aliuliza kama imeanguka au imeingia maji, akaichomeka kwenye monita ya nje. Giza vilevile, kwa hiyo kioo hakina kosa. Kisha akanionyesha taa ndogo ya mbele: "Hesabu, dada." Rangi ya chungwa mara 2, inatulia, nyeupe mara 3, halafu inarudia. Kwenye laptopu nyingi za Dell Latitude za miaka ya karibuni, kama yangu, maana yake mashine haioni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumia ikiwa kazini. Sikuwahi kuonyeshwa hilo na fundi yeyote, wakati wengi wanakutajia bei ya motherboard, bodi kuu ya mashine, kabla hawajafungua.

Akatoa chaja, akafungua mfuniko wa chini, akachomoa betri na kushikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. RAM zilikuwa mbili, moja niliongezewa na muuzaji. Alisugua meno ya dhahabu ya RAM hizo kwa ufutio wa penseli, akapuliza vumbi, akarudisha moja peke yake. Nembo ikatokea! Akaweka ile ya muuzaji peke yake: chungwa, nyeupe. Akaihamishia tundu la pili, yaleyale. Tundu la kwanza lilishaiwasha ile nyingine, kwa hiyo RAM ndiyo imekufa.

Kazi alinitoza 20,000. RAM ya GB 8 aliifuata duka la jirani, na garantii ya mwezi mmoja akaiandika kwenye karatasi baada ya mimi kuidai. Hapo sikupenda, karatasi ya garantii isiwe ya kuombwa. Pa kukaa pia hakuna, unasubiri umesimama kwenye korido. Lakini kwa fundi anayekuonyesha kila hatua, ningesimama tena.

Hesabu zangu zote zipo. Ukienda, wahi asubuhi kabla foleni haijajaa, na RAM mpya ijaribiwe ukiiona kabla mfuniko haujafungwa.